Saa Inatoka Upande Gani? Laini za Data za Dar es Salaam na Mpigo Wake

Fundi aliyetumwa kuunganisha ofisi ya Kurasini, Temeke, na makao makuu ya mjini kwa laini ya kukodi alianza na swali moja: saa inatoka upande gani? Laini hiyo ilipitisha biti mfululizo, moja nyuma ya nyingine. Ruta inayopokea haiwezi kujua biti hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi mpaka ipewe mpigo wa kufuata. Kwenye laini ya kilobiti 64, mpigo huo hupigwa mara 64,000 kila sekunde.

Namba hiyo imetoka kwenye simu. Sauti ya mtu hupimwa mara 8,000 kwa sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha, utapata 64,000. Njia 32 za aina hiyo zikikusanywa pamoja zinatoa megabiti 2.048, yaani E1 ya mafundi wetu. Mwenye mtandao wa simu ndiye mwenye saa. Modemu yake iliyofungwa kwa mteja ilitoa mpigo, na ruta ya mteja ikaufuata.

Tulifika kwenye laini hizi za data kwa kuchelewa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kushindwa, na masharti hayo yalilegezwa polepole mno. Kampuni ya simu ya TTCL ilizaliwa 1994 kutokana na kugawanywa kwa Shirika la Posta na Simu, na ukiritimba wake wa simu za mezani Tanzania Bara ulikoma Februari 2005. Data ya kwenda ng'ambo ilirushwa kwa setilaiti, kupitia sahani kubwa kama zile za Mwenge, Kinondoni. Kisha Julai 23, 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukazinduliwa hapa Dar es Salaam mbele ya Rais Jakaya Kikwete, na ule wa EASSy ukafuata 2010.

Darasani, fundi alikojifunza kazi hii ya saa, mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu kwenye meza ya mafunzo hakuna kampuni ya simu. Kuna ruta mbili na kebo nene ya V.35, yenye kichwa cha mstatili na skrubu mbili pembeni. Ncha moja imeandikwa DTE, nyingine DCE. Ruta iliyoshika DCE ndiyo inayotoa saa, na mwanafunzi lazima aiamuru: "clock rate 64000". Akisahau, kioo kinamwandikia "Serial0 is up, line protocol is down". Kebo imechomekwa, anwani ni sahihi, lakini hakuna kinachopita. Wengi walifuta kazi yote na kuanza upya, kumbe wangeandika tu "show controllers" wangeona ncha ipi ni DCE na kama saa imewekwa. Baadhi ya ruta za baadaye zilijiwekea 2,000,000 zenyewe, na hapo somo likaanza kusahaulika.

Faiba na Etheneti zikalimaliza. Huko kila mpokeaji huichota saa ndani ya mawimbi yenyewe, fundi haandiki chochote. Mtihani wa mafundi wa mitandao, CCNA wa Cisco, uliobadilishwa Februari 2020 hauna tena mada ya laini hizi za siriali.

Mimi naona somo hilo la saa tumeliacha mapema mno. Tazama minara ya simu ya Mbagala au Tegeta. Mnara wa GSM hauruhusiwi kupotoka kwenye masafa yake zaidi ya sehemu 50 kati ya bilioni. Ukipotoka, abiria wa daladala anayetoka eneo la mnara mmoja kwenda la mwingine anaweza kukatikiwa na simu. Zamani mnara ulichukua saa kwenye E1 yake. Etheneti ya kawaida haikuibeba saa hiyo, ikabidi kampuni ziitafute kwingine: kwenye GPS, au kwa kuituma upya ndani ya mtandao. Swali la fundi wa Kurasini bado linaulizwa, safari hii juu ya mnara.

Kwa hiyo, wewe mwenye ruta kuukuu na kebo za V.35 stoo, usiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Zipeleke VETA Chang'ombe, au chuo chochote cha ufundi kilicho karibu nawe, ziwekwe mezani vijana wazishike.