Kati ya Grogan na Kariokor

Kabla ya kupanda Ngong na baiskeli, sisi wa Ngara hupitia kwanza Grogan kutafuta waya wa breki. Kwenye ramani ni Barabara ya Kirinyaga, lakini jina la mzungu limekataa kuondoka.

Ewart Grogan alijipatia sifa kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, 1898 mpaka 1900, ati akubaliwe kuoa. Kutembea, sawa, lakini mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi. Mwaka wa 1907 huyo huyo aliwachapa Wakikuyu viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Barabara akapewa.

Wapagazi je? Jirani tu na Ngara kuna Kariokor, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakimalizwa na magonjwa, si risasi. Mtaa ulipewa jina la kazi yao. Ya kwao wenyewe hayamo.

Njia ya Ngong ni ya miguu. Ukishapita mitambo ya upepo kuelekea Kona Baridi, kuna miteremko mitamu, halafu kuna vipande ambavyo gia hazisaidii kitu. Unashuka, unaweka baiskeli begani, kokoto zinateleza, na wanaotembea wanakupita wakicheka. Mimi hulalamika kwa dakika 10 hivi. Mpagazi alibeba mzigo mzito kuliko huo kwa miezi, na upande wa pili wa kilima hakukuwa na mteremko wa kumlipa.