Kikao cha Zoom Njombe–Makambako: Seti Sauti Kabla Hamjaelewana Vibaya

Kikao cha mtandaoni kinaokoa nauli ya Njombe na Makambako. Lakini sauti ikikatika mwanzoni, "hatutakubali" inaweza kufika upande wa pili kama "tutakubali". Silabi moja tu, na makubaliano yamegeuka!

Kwenye kompyuta, fungua mipangilio ya sauti ya Zoom, kisha fanya hivi:

1. Chagua kifaa. Kama una maiki na spika ya mkutano, hakikisha programu haitumii za laptop. Bonyeza sehemu ya kujaribu, usikilize.

2. Pima maiki. Ongea kawaida. Kipimo kicheze, kisigonge mwisho.

3. Punguza kelele. Mvua ikipiga bati, weka kiwango cha juu. Ikikatika, shusha, maana kiwango cha juu kinaweza kumeza mwanzo wa maneno.

4. Ondoa mwangwi. Ukisikia sauti yako inarudi, mara nyingi tatizo liko kwa wenzako: maiki yao inanasa spika yao. Waambie wapunguze sauti. Kama kuna vifaa viwili chumba kimoja, kimoja kizimwe maiki na spika.

Kumbi kubwa zina programu zake. Vifaa vya Shure, kwa mfano, hupangwa kwa Shure Designer.

Jaribio la mwisho: tamka "hatutakubali", mwenzako arudie alichosikia. Akikosa "ha", msianze kikao. Rudi namba 3.