Gari Kuukuu na Elimu Tunayoiuza kwa Kilo

Historia ya teknolojia nchini mwetu huandikwa kwa viwanda na miradi mikubwa. Sehemu yake nyingine imo gerejini, ndani ya Land Rover na Peugeot kuukuu ambazo baadhi ya wenzetu huzifufua kwa mapenzi tu.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, fedha za kigeni ziliadimika na spea zikakosekana. Katika miaka hiyo ya uhaba, hata kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana kulipigwa marufuku. Fundi alilazimika kuchonga kipuri alichokikosa dukani. Kuanzia 1984, walio na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa. Baadaye magari yaliyotumika Japani yakajaa barabarani, na yale ya zamani yakasukumwa uani.

Mvuto wa kuyafufua ni kwamba hayafichi siri. Kabureta hufunguliwa kwa bisibisi, na ubovu huonekana kwa macho. Bodi ya Land Rover, kwa kuwa ni ya alumini, hustahimili miaka; chesisi ya chuma ndiyo huoza, na hapo ndipo fundi hupimwa.

Basi halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama, kabla ya kunadi gari chakavu kama chuma, zifikirie vyuo vya ufundi. Mafundi wa enzi ile wanazeeka. Chuma kitapatikana tena. Mikono yao haitapatikana.