Toleo jipya limefika Mpanda: habari ya CD, treni na jenereta

Nimeadimika kidogo, majaribio yalinibana koo, ila sasa nimepumua. Leo naleta historia, na msikimbie, si ile ya kukariri tarehe za Majimaji.

Tangu Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, huku kampasi kumekuwa na msiba wa kimyakimya. Laptopu nyingi tulizonazo ni za mtumba, na ukijaribu kuzipeleka Windows 11 zinakujibu kwamba prosesa ni ya zamani, au hazina ile chipu ya usalama wanayoitaka siku hizi. Kuna mtu mzazi wake aliuza magunia ya mpunga ili apate hiyo laptopu. Halafu unaambiwa imekwisha muda wake kama dawa ya duka la dawa muhimu! Ndo maana kila siku nasikia swali lilelile: sasa tunahamia wapi? Jibu langu mnalijua, mnaniita "padri wa Linux" bure. Ila kabla ya kuhama nataka tuangalie waliohama kabla yetu, kwa sababu kupandisha toleo la mfumo (watu wa maabara wanasema kuapgredi) kwenye nchi hii kuna historia yake, na kwa sisi wa upande wa Katavi historia hiyo ina usafiri mwingi kuliko kompyuta.

Tuanzie mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa lidude la kujaza chumba, la kupiga hesabu za serikali. Mipango ya kuhamishia uhasibu kwenye mashine haikwenda vizuri, hasara zikatokea, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Nasema tena kwa mliosinzia: marufuku. Ililegezwa polepole baadaye, kwa kibali, na mpaka miaka ya 1990 ndo kompyuta zikaanza kuonekana maofisini kama kitu cha kawaida. Mimi sicheki sana uamuzi ule, ingawa watu wengi hupenda kuucheka. Nchi changa, fedha za kigeni za kuokoteza, unaletewa mtambo ambao ni mwenye kiwanda tu anayejua ndani kuna nini, ukiharibika unamsubiri yeye, akileta mpya unalipa tena. Ungefanyaje? Tatizo halikuwa mashine, tatizo lilikuwa nani ana ufunguo wake.

Sasa huko duniani suala la ufunguo lilikuwa linashughulikiwa. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi ya GNU, mfumo ambao kila mtu angeruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kuugawa. Mwaka 1991 kijana wa chuo kule Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux. Alikuwa na miaka 21, yaani umri wetu huu tunaoutumia kubishana Simba na Yanga. 1993 ikazaliwa Debian. Hapo napita haraka, mengine mtasoma wenyewe.

Anayetuhusu zaidi ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Huyu aliuza kampuni yake ya usalama wa intaneti, Thawte, mwaka 1999 kwa mamia ya mamilioni ya dola, mwaka 2002 akaenda anga za juu kwa nauli yake, na aliporudi akaanzisha mfumo juu ya Debian na kuuita Ubuntu. Neno ni la Kizulu na ndugu zake, lakini Mswahili halimpi shida: ubuntu ndo utu, na sisi husema mtu ni watu. Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004 na likaitwa 4.10, yaani mwaka wa 4, mwezi wa 10. Toka hapo kila miezi 6 toleo jipya, kama kuvuna. Na kila baada ya muda yanatoka yale ya kudumu zaidi: 6.06 mwaka 2006, 8.04 mwaka 2008, na kuendelea kila miaka 2.

Kila toleo lina jina la mnyama. La 8.04 lilikuwa la korongo, ndege ambaye ukienda Ziwa Katavi kule hifadhini huwezi kumkosa. Basi ndege wetu tayari alikuwa kwenye kioo cha kompyuta za watu Ulaya, wakati sisi wenyewe mtandao hatuna. Hebu fikirieni.

Hapo ndo utamu unapoanza. Mfumo unatolewa bure kila miezi 6, sawa, lakini unaufikishaje Mpanda?

Piga hesabu. Diski ya Ubuntu ilikuwa ya MB 700 hivi. Modemu ya simu ya kilobiti 56, ikikimbia kwa nguvu zake zote bila kukatika hata sekunde, ingehitaji saa 27 na zaidi kuishusha. Kabla nyaya za SEACOM hazijafika Dar mwaka 2009, intaneti ya nchi hii ilitegemea sana setilaiti, ghali na ya kugawana. Intaneti kafe ingekutoza kwa saa. Hakuna mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa na hela ya kukaa kafe saa 27 ili apate mfumo wa bure!

Canonical, kampuni ya Shuttleworth, walilijua hilo. Wakaanzisha huduma ya ShipIt: unaandika jina na sanduku la posta, wanakutumia CD bure mpaka nchini kwako, hata zaidi ya moja, ugawie wenzako. Zinakuja kwenye bahasha na stika juu. Zilichukua wiki nyingi kufika, ila zilifika. Huduma ile ilidumu mpaka 2011. Mimi nasema ile ndo ilikuwa intaneti ya kweli ya mikoani: posta. Kwa mtu wa Mpanda, CD hiyo ilitakiwa ifike Dar, ipande mpaka Tabora, halafu ama njia ya vumbi, ambayo masika ikiamua kukukatalia imekukatalia, ama ile reli ya tawi inayotoka Kaliua, iliyojengwa na mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi na si kwa ajili ya abiria. Wakati huo hata mkoa hatukuwa. Tulikuwa Rukwa, Katavi ilizaliwa Machi 2012. Toleo linatoka Aprili, linakufikia mvua za vuli zinaanza, na toleo jingine limeshatoka nyuma yake. Ukiwa Mpanda hukimbizani na matoleo ya miezi 6, unasubiri lile la kudumu, na toka 6.06 unaweza kuruka moja kwa moja hadi 8.04 bila kupitia ya katikati. Walioweka utaratibu huo walifikiria seva za makampuni, lakini ukiniuliza mimi waliufanya kwa ajili ya watu wa mwisho wa reli.

Kulikuwa na diski nyingine iliyoitwa ya mbadala. Haina picha nzuri wala haikukuonjesha mfumo kabla ya kuuweka, ila ukiichomeka kwenye kompyuta yenye Ubuntu ya zamani ilikuwa na programu ndogo, cdromupgrade, ya kupandisha toleo bila intaneti kabisa. CD moja, shule nzima, kompyuta moja baada ya nyingine. Ilikuja kuondolewa toleo la 12.10, mwaka 2012, kwa sababu huko kwao kila mtu alishakuwa na mtandao wa kasi. Hapo nina kinyongo nao kidogo.

Halafu umeme. Kwa miaka mingi Mpanda haikuwa kwenye gridi ya Taifa, tuliishi kwa majenereta ya dizeli. Na kupandisha toleo si kama kuandika barua. Katikati ya kazi mfumo wa zamani umeshafunguliwa vipande na mpya haujafungwa. Jenereta ikinyamaza pale, ukiwasha tena unapata kioo cheusi chenye maandishi meupe yanayokutazama. Aliyejua aliandika sudo dpkg --configure -a na mashine ikaendelea ilipoishia (amri hiyo iandikeni ukutani, bado inafanya kazi). Asiyejua aliitisha fundi, na fundi dawa yake ni moja: anafuta kila kitu, anaweka Windows XP ya kunakili, anachukua hela yake anaondoka. Hivyo ndivyo mifumo huria mingi ilivyokufa mikoani, wala si kwa watu kuichukia.

Sababu nyingine mtacheka. Muziki! Ubuntu ya wakati ule ukiiweka haikuweza kupiga MP3. Umbo hilo la faili lilikuwa na hataza, na leseni zake zilikoma 2017 tu, kwa hiyo kodeki ilibidi uishushe mwenyewe mtandaoni baadaye. Dar unashusha. Mpanda unashusha na nini? Unamwekea mtu mfumo safi, hauna virusi, hauna gharama, anachomeka fleshi yake ya Bongo Fleva, kimya. Kesho yake amerudi XP. Mimi nasema hakuna hoja ya uhuru wa programu inayoweza kumshinda Profesa Jay. Wajanja wa vyuoni walikuja na njia: mtu mwenye mtandao anakusanya kodeki na vifurushi vingine kwenye CD ya pili, inasafiri pamoja na ile ya kwanza kama mume na mke.

Kilichoiokoa heshima ya Linux ni virusi. Mwishoni mwa 2008 mdudu aitwaye Conficker alienea dunia nzima kwenye Windows, akirukia mitandao na fleshi, na kabla na baada yake walikuwepo wengi wa kuficha makabrasha. Hapo CD ya Ubuntu ilikuwa ambulansi: unawasha kompyuta kwa CD bila kuweka chochote, unaliona faili la risala ya mwaka wa 3, unalitoa salama. Wangapi wamehitimu kwa CD ile na hawajui hata jina lake?

Sasa nifike panaponiuma. Desemba 2004, miezi 2 tu baada ya Ubuntu ya kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux walioshirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice: programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Watu walikaa wakatunga msamiati wa kompyuta, wakabishana neno kwa neno. Hawakumsubiri mwenye kampuni aamue kama Kiswahili kina faida, kwa sababu ufunguo ulikuwa mkononi. Haikupita muda mrefu Microsoft nao wakatoa Kiswahili chao. Wengi tunaamini walisukumwa.

Lakini Jambo ilijengwa juu ya OpenOffice 1.1, na Oktoba 2005 ikatoka 2.0, yenye menyu mpya na maneno mapya. Baadaye mwaka 2010 LibreOffice ikajitenga. Kila toleo linadai tafsiri yake, na mradi una bajeti yenye tarehe ya mwisho wakati matoleo hayana. Leo Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha za LibreOffice, ila tafsiri haijakamilika, nusu unasoma Kiswahili nusu Kiingereza, kama sisi kwenye semina. Kazi ile haikushindwa na ugumu wa lugha. Ilikosa watu wa kuipandisha toleo kila mara, watu wachache tu, wa kudumu. Na hapa kampasi wapo wanaosoma lugha na wapo wanaosoma kompyuta, wanakula kwenye mgahawa mmoja na hawajuani.

Wenye kusema Linux haijawahi kufika Mpanda, toeni simu zenu. Android ndani yake ni kiini kilekile cha Torvalds. Boda wa stendi ya Mpanda ana Linux mfukoni, na mama lishe vilevile. Tofauti ni kwamba simu nyingi za bei rahisi hazipandi toleo hata moja tangu zinunuliwe. Mwenye kiwanda akisahau ndo imetoka. Programu huria kweli, ila ufunguo umerudi kulekule kwa 1974.

Basi kuhusu laptopu zenu. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024 na inahudumiwa bure hadi 2029, mwaka wa kwanza atahitimu kabla haijafa. Mashine ikiwa nyonge kabisa kuna Lubuntu na Xubuntu, ndugu zake wembamba. Faili lake si MB 700 tena, ni kama GB 6, kwa hiyo msishushe kila mtu kwa bando lake. Faili moja kwenye fleshi linatosha bweni zima. MP3 sasa si tatizo. Hifadhini kazi zenu pembeni kwanza, chajini mpaka 100, na msianze kukiwa na wingu la mvua. Na wale wa lugha, menyu ya LibreOffice ina maneno yanayosubiri, nitafuteni.