Hoteli pembeni ya ziwa Kivu: maji machafu yapangwe mbele ya jiwe la kwanza

Mtu mwenye kununua parcelle pembeni ya ziwa Kivu ili ajenge hoteli huanza kwa kuangalia ziwa. Anapima vyumba vitaangalia upande gani, terasi itakuwa wapi, bwawa la kuogelea litakaa namna gani. Choo hakimupi mawazo mengi. Fundi anamuambia: «Tutachimba fosi septiki huko nyuma.» Mara nyingi mupango wote wa maji machafu unaishia kwenye jibu hilo.

Kumbe hilo ndilo lingeulizwa kwanza. Ziwa lenye kuleta wageni ndilo lenye kupokea maji ya vyoo kama kazi ilifanywa vibaya. Na ku Goma, ziwa hilo ni robine ya muji. Pompi za REGIDESO zinavuta maji ndani ya Kivu, na maelfu ya wakaaji wanashuka kila siku na mabidoni, kwa mfano ku Kituku, kuchota yale ya kunywa, kupikia na kufulia. Kwenye vituo vingi vya kuchotea utakuta wenye kutia klorini ndani ya bidoni mbele ya mama kuibeba. Kazi hiyo ipo kwa sababu kolera haijaisha katika eneo hili.

Ardhi ya Goma haichuji maji

Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na kando yake kwa siku chache. Kolera na kuhara damu viliua watu karibu 50 000 katika mwezi wa kwanza. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ilikuwa chini ya miguu: mawe ya volkano yalizuia kuchimba vyoo, na watu walikunywa maji ya ziwa bila kutengenezwa.

Mawe hayo yangali pale. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 ilipita katikati ya muji na kuingia mpaka ziwani, na watu wamejenga juu yake. Lava haiko kama udongo. Udongo mzuri unafanya kazi ya kichujio: maji yanapita polepole, vijidudu vinabaki njiani na kufa. Lava iliyopasuka inaacha maji yapite mbio kwenye nyufa zake. Ndio maana Goma haina mito hata kama mvua ni nyingi: maji yote yanazama na kuelekea chini, upande wa ziwa.

Kwa hiyo lile shimo lisilo na sakafu, lile mafundi wanaita puiperdi, linadanganya macho. Halijai hata miaka kumi, na mwenye hoteli anafurahi kwamba halimusumbui. Lakini shimo lisilojaa linaonyesha tu kwamba maji yanaenda mahali pengine. Kwenye parcelle iliyo mita ishirini kutoka ziwani, hakuna haja ya kutafuta mbali pahali pale.

Fosi septiki inafanya nini, na haifanyi nini

Fosi septiki nzuri ni tanki la simenti lisilovuja, lenye vyumba viwili au vitatu. Vitu vizito vinashuka chini na kuwa matope, mafuta yanapanda juu, na maji ya katikati yanatoka. Maji yakikaa ndani siku moja au mbili, sehemu kubwa ya uchafu mzito inabaki.

Lakini maji yenye kutoka bado ni machafu. Yanaweza kuonekana meupe kidogo, bila vipande, lakini vijidudu vya kolera, tifoidi na minyoo vinaweza kuwa ndani bado. Fosi ni hatua ya kwanza tu. Kwenye udongo mzuri, hatua ya pili ni mabomba yenye matundu yaliyofukiwa ndani ya mifereji ya changarawe, yenye udongo wa kutosha chini yake mbele ya kufikia mwamba au maji. Kwenye lava, udongo huo haupo. Hatua ya pili inapaswa kujengwa.

Kupiga hesabu

Kosa la pili ni kuhesabu vyumba peke yake. Hoteli ya pembeni ya ziwa inajaa siku ya Jumapili na siku ya ndoa, na wengi wenye kuja hawalali pale. Mupango unafuata siku yenye watu wengi kuliko zote.

Tuseme hoteli ya vyumba 40, yenye restora na sale ya sherehe. Wenye kupanga wanaweza kuhesabu hivi:

- Wageni 80 wenye kulala, litre 200 kila mtu: litre 16 000
- Wafanyakazi 30, litre 50 kila mtu: litre 1 500
- Watu 100 wenye kula restora, litre 30 kila mtu: litre 3 000
- Watu 300 kwenye sale, litre 15 kila mtu: litre 4 500

Jumla ni litre 25 000 kwa siku moja. Kwa yule mwenye kuchota ziwani, hayo ni mabidoni 1 250 ya litre 20, yaliyoingia safi na kutoka machafu, kila siku ya sherehe.

Fosi ya kuyashika siku mbili inahitaji metre kibe 50, na nafasi ya matope juu yake: karibu metre kibe 70 kwa jumla. Fosi ya nyumba ya familia, ile fundi amezoea kujenga, inaweza kuwa ndogo mara kumi na zaidi. Mwenye hoteli akijenga ile ya kawaida, maji hayapati muda wa kutulia. Yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine na uchafu wake.

Hatua ya pili: matete au mashine

Njia moja ni bustani ya matete. Ni bwawa lisilo na kina kirefu, lenye sakafu isiyovuja, lililojazwa changarawe na kupandwa matete. Maji ya fosi yanapita chini ya changarawe, hayaonekani, na vijidudu vyenye kuishi kwenye mawe na mizizi vinakula uchafu. Katika inchi za joto huhesabiwa kama metre kare 2 kwa mtu mmoja, lakini Goma iko juu, kwenye metre 1 460, na usiku ni baridi, basi ni vizuri kuongeza. Kwa hoteli ya mfano wetu, hiyo ni metre kare 330 au zaidi. Faida yake: haiombi kuranti nyingi, na mutunza bustani anaweza kuifundishwa. Shida yake ni ardhi, na ardhi ya pembeni ya ziwa ni bei kali. Ndio maana lazima ichorwe kwenye plani tangu mwanzo. Kiisha terasi na parking kujengwa, nafasi haipo tena.

Njia nyingine ni mashine yenye kupuliza hewa ndani ya maji ili vijidudu vizuri vikue haraka. Inachukua nafasi ndogo na inasafisha vizuri, lakini inaomba kuranti mchana na usiku, vipuri, na mtu mwenye kuijua. Kuranti ikikatika siku mbili na jenereta haijawashwa, vijidudu vile vinakufa na maji machafu yanapita vilevile.

Njia yoyote ile, maji ya mwisho yapitishwe kwenye klorini au taa ya kuua vijidudu kama yataenda karibu na ziwa. Vizuri zaidi yatumike kumwagilia maua na majani, chini ya udongo, mbali na mboga.

Mambo madogo yenye kuharibu kazi kubwa

Mafuta ya jikoni yapitie kisanduku cha kuyanasa mbele ya kufika fosi, na kisanduku kisafishwe kila juma. Mafuta ya sambaza na ndizi za kukaanga yakifika ndani ya mabomba yanaganda na kuziba.

Maji ya mvua yaende njia yake. Mvua moja ya Goma kwenye paa kubwa inaweza kusukuma matope yote ya fosi nje kwa saa moja.

Maji ya bwawa la kuogelea, pamoja na dawa kali za kufulia, yasimwagwe kwa wingi ndani ya fosi. Klorini inaua vijidudu vyenye kufanya kazi.

Vyumba vyenye kuwa chini, karibu na maji, vinahitaji pompi ya kupandisha maji machafu. Ziwekwe pompi mbili, moja ya kusaidia, na kisima cha kungojea chenye kushika maji ya siku nzima. Bila hicho, siku pompi inakufa, maji yanatafuta njia fupi, na njia fupi ni ziwa.

Tena hii ni inchi ya matetemeko. Kiisha Nyiragongo kulipuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi na nyufa zilitokea ndani ya muji. Mabomba yawe na viungo vyenye kukubali kucheza kidogo. Tanki lijaribiwe mbele ya kutumiwa: lijazwe maji safi, likae saa 24, na ikiwa maji yameshuka, linavuja. Jaribio hilo halina bei kubwa, na lirudiwe kila kiisha tetemeko kubwa.

Matope yanaenda wapi?

Fosi inajaa matope. Hoteli inapaswa kuyatoa kila miaka miwili au mitatu, pengine kila mwaka kama watu ni wengi. Goma haina mtandao wa mabomba ya maji machafu ya muji, basi gari la kuvuta linakuja. Mwenye hoteli aulize jambo moja mbele ya kulipa: gari hilo linamwaga wapi? Matope yakitupwa kwenye mufereji wa kata nyingine, kolera imebebwa tu kutoka parcelle moja na kupelekwa nyingine.

Kwa hoteli zenye kufuatana kwenye mwambao mmoja, kuna njia yenye akili: kujenga pamoja bustani moja ya matete au mashine moja, na kugawana mulipaji. Mashine moja yenye fundi wa kila siku ni bora kuliko sita zisizo na mtu.

Sheria inasema nini

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011 juu ya mazingira inaomba kila mradi wenye kuweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa matokeo yake kwa mazingira na kwa watu. Agence Congolaise de l'Environnement ndiyo yenye kupima uchunguzi huo. Sheria hiyohiyo inaweka pia enquête publique: wenye kuishi kando waelezwe na wasikilizwe mbele mradi ukubaliwe. Kuna tena sheria ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015.

Hiyo inawapa wakaaji nguvu. Chifu wa avenue, kamati ya kata, mama mwenye kuchota pale chini, wote wana haki ya kuuliza mbele ukuta haujapanda: watu wangapi siku ya sherehe? Fosi ya metre kibe ngapi? Kiisha fosi, maji yanapita wapi? Pompi ikikufa, itakuwaje? Nani anapima maji ndani ya labo, na majibu yanabandikwa wapi?

Mwenye hoteli naye ana faida ya kuwa na majibu. Kujenga upya mabomba chini ya hoteli iliyokwisha kufunguliwa ni kuvunja sakafu, kufunga vyumba na kupoteza wageni. Na ghuba yenye kupokea uchafu kila siku inageuka kijani, inanuka, na hakuna mgeni mwenye kulipa chumba ili anuse.

Kivu ina kina cha metre 485, na watu wengine wanasema ziwa kubwa namna hiyo halitajua hoteli moja. Lakini maji ya chini kabisa ya Kivu hayachanganyiki na ya juu kila mwaka kama katika maziwa mengine. Sambaza wanaishi kwenye maji ya juu, watoto wanaogelea kwenye maji ya juu, na bidoni inajazwa pale ukingoni, mahali bomba la hoteli lisilopangwa linafikia kwanza.