Sura za Wafanyakazi katika Iraki Iliyovamiwa

Marekani na Uingereza zilipoivamia Iraki mwaka 2003, wapigapicha wengi wa kigeni walisafiri na misafara ya jeshi. Magazeti yakajaa vifaru, moshi na sanamu ya Saddam Hussein ikiangushwa. Mwiraki alionekana akilia au akipekuliwa. Akiwa kazini, hakuonekana.

Oktoba mwaka huo, David Bacon wa California aliingia Baghdad na kamera yake. Kabla ya upigaji picha alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, kisha kwa miaka mingi akawaandikisha vibarua wa mashambani na viwandani katika vyama vyao. Naamini nguvu ya picha zake imetoka huko. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Daura, ambako wengi walipata kama dola 60 kwa mwezi, aliwatazama mafundi kama mtu anayejua zamu ndefu inavyouchosha mwili.

Mafuta ya Iraki hayakuwa mageni kwa kamera. Katika miaka ya 1950, Latif al-Ani, mpigapicha hodari, alianza kazi katika jarida la kampuni ya Iraq Petroleum Company. Picha zake ni nzuri mno, lakini mwenye kulipa alikuwa kampuni. Mwaka 1946, wafanyakazi wa mafuta wa Kirkuk waliogoma walikuwa wamemiminiwa risasi na polisi. Historia hiyo haikuwa na nafasi katika jarida la mwajiri.

Wafanyakazi ambao Bacon aliwapiga picha mwaka 2003 walikuwa wakijenga vyama ambavyo sheria haikuvitambua. Saddam alivipiga marufuku katika mashirika ya umma mwaka 1987. Paul Bremer, mtawala aliyewekwa na Marekani, alilivunja jeshi la Saddam na chama chake cha Baath; marufuku hiyo ya 1987 akaiacha ilivyo. Desemba 2003, askari wa Marekani walivamia ofisi ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi mjini Baghdad na kuwakamata viongozi wanane, wakawaachia kesho yake.

Kule Basra, wafanyakazi wa mafuta chini ya Hassan Juma'a Awad walikuwa wameshagoma mwezi Agosti. Mapema 2004, baada ya wao kutishia kugoma tena, kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka dinari 69,000 hadi 102,000. Bacon aliwafuata huko mwaka 2005.

Kukubali kupigwa picha wakati huo kulihitaji moyo. Januari 2005, Hadi Saleh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi aliyerudi kutoka uhamishoni Sweden, aliuawa nyumbani kwake Baghdad. Hata hivyo wenzake waliendelea kujitokeza. Juni 2007, wafanyakazi wa mafuta wa Basra waligoma. Serikali ya Nouri al-Maliki ikawazingira kwa jeshi na kutoa hati za kuwakamata viongozi wao. Mojawapo ya madai yao lilikuwa washirikishwe katika muswada wa sheria ya mafuta, ambao wao waliuona unafungua mlango kwa kampuni za kigeni. Bunge halikuupitisha.