Neno "Kupewa": Jinsi Haki ya Hifadhi Ilivyobishaniwa

MTANGAZAJI:  

Hapa kambini kuna swali tunalolisikia kila wiki: "Kama hifadhi ni haki yangu, mbona ninasubiri mtu mwingine aamue?" Swali hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Lilibishaniwa mjini Paris mwishoni mwa mwaka 1948, na ubishi wote ulikuwa juu ya neno moja.

Tuanze na mahali maneno yale yalipotoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Umoja wa Mataifa uliunda Tume ya Haki za Binadamu yenye wajumbe 18. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Eleanor Roosevelt, mjane wa rais wa Marekani. Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa kuandika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. John Humphrey kutoka Kanada aliandaa rasimu ya kwanza, kisha René Cassin wa Ufaransa akaipanga upya.

Usidhani walikaa tu wakakubaliana. Kazi ya kamati kama hiyo huenda sentensi kwa sentensi. Rasimu inasomwa. Mjumbe anayetaka kubadilisha neno analeta pendekezo lake kwa maandishi. Wengine wanaliunga mkono au wanalipinga, halafu kura inapigwa. Wako wanaosema ndiyo, wako wanaosema hapana, na wako wanaojizuia, yaani hawapigi upande wowote. Neno likishindwa, linatoka.

Mfano mmoja ni Hansa Mehta, mama kutoka India. Aliona kwamba maneno ya Kiingereza yaliyotumika kusema "watu wote" yangeweza kusomwa kama "wanaume wote". Alishikilia msimamo wake mpaka yakabadilishwa, na leo Azimio linasema binadamu wote.

Sasa tuje kwenye neno letu. Rasimu ya Tume ilisema kila mtu ana haki ya kutafuta hifadhi katika nchi nyingine na kupewa hifadhi hiyo anapokimbia mateso. Sikiliza vizuri: kutafuta na kupewa. Kama mimi nina haki ya kupewa, basi kuna mwenye wajibu wa kunipa.

Rasimu ilipofika Paris, kwenye Kamati ya Tatu ya Baraza Kuu, serikali ziliona uzito wa neno hilo. Wakati huo Ulaya ilikuwa bado na watu wengi waliong'olewa makwao na vita, na Wapalestina kwa mamia ya maelfu walikuwa wamekimbia mwaka uleule. Uingereza ikaleta pendekezo: ondoeni "kupewa", wekeni "kufaidi". Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna mgeni anayeweza kuidai nchi imfungulie mlango. Nchi yenyewe ndiyo yenye haki ya kutoa hifadhi, na ikishaitoa, nchi aliyoikimbia mtu huyo haina la kulalamika. Saudi Arabia nayo ilitaka neno "kupewa" liondoke.

Cassin alijaribu njia nyingine. Alisema Umoja wa Mataifa wenyewe, kwa kushirikiana na nchi, ubebe jukumu la kuhakikisha mtu anapata hifadhi. Pendekezo hilo likashindwa kwa kura. La Uingereza likapita.

Tarehe 10 Desemba 1948 Azimio lilipitishwa kwa kura 48, hakuna aliyelipinga, na nchi 8 zilijizuia. Kifungu cha 14 kinasema hadi leo: haki ya kutafuta na kufaidi hifadhi. Una haki ya kubisha hodi. Wajibu wa kufungua haukuandikwa.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Miaka mitatu baadaye, Julai 1951, wawakilishi wa nchi 26 walikutana Geneva kuandika Mkataba wa Wakimbizi. Kutoka Afrika ilikuwapo Misri peke yake. Hata pale haki ya kupewa hifadhi haikuandikwa. Lakini waliandika kitu kingine chenye nguvu, Kifungu cha 33: nchi isimrudishe mkimbizi mahali ambapo uhai wake au uhuru wake utakuwa hatarini. Waliacha mwanya kwa mtu anayehesabiwa kuwa hatari kwa usalama wa nchi. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba hakulazimishwa kukukaribisha, lakini alikatazwa kukutupa motoni.

Afrika nayo ikaingia kwenye meza ya kuandika. Tarehe 10 Septemba 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake wa wakimbizi. Uliongeza watu wanaokimbia uvamizi, utawala wa kigeni na matukio yanayovuruga sana amani. Ulikataza pia kumzuia mtu mpakani kwa namna itakayomlazimisha kubaki kwenye hatari. Na ulisema kutoa hifadhi ni tendo la amani na la utu, hivyo nchi jirani isilichukulie kama uadui.

Kisha ukaja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Jaji Kéba Mbaye wa Senegal aliongoza wataalamu walioandaa rasimu mjini Dakar mwaka 1979. Mawaziri wakaijadili Banjul, na marais wakaupitisha Nairobi mwezi Juni 1981. Kifungu cha 12 kinasema anayeteswa ana haki ya kutafuta na kupata hifadhi katika nchi nyingine, kwa kufuata sheria za nchi hizo na mikataba ya kimataifa.

Kutafuta na kupata, msikilizaji. Neno lililotolewa Paris lilirudi Nairobi likiwa limevaa nguo nyingine. Bado linafuata sheria za nchi, ndiyo maana mahojiano na kusubiri havijaisha. Lakini Tanzania, Kenya na Uganda zote zimeuridhia mkataba huo.

Kwa hiyo unapoketi mbele ya afisa, kumbuka kwamba hujaja kuomba sadaka. Eleza ulichokimbia, na eleza kitakachokupata ukirudishwa. Hayo ndiyo mambo mawili ambayo maandishi haya yote, kuanzia 1948, yamekuwa yakiyauliza.

Mzee au mama ambaye hajui kusoma, kijana wa nyumba ya jirani amsomee karatasi hii. Tukutane wiki ijayo, kwaheri.